SOMO: Kumlisha mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa (soma yote ndo uulize)

Wakuu kamwene. Naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena nibandike linki tu nirudi shambani. Kila wiki kuna mtu inboksi, mzee kapigwa na stroko, mdomo umepinda, akinywa chai anapaliwa, nifanyeje. Mimi sio daktari, nimemuuguza baba mkwe hapa Uyole mpaka akarudi kula ugali, na ninayoyaandika nimefundishwa wodini na manesi na mtu wa fiziotherapia.

Kabla ya hatua elewa hivi, shida ya huyu mgonjwa haipo kooni, ipo kichwani. Kutafuna na kusukuma tonge nyuma unaamua mwenyewe, hiyo inaongozwa na ubongo wa juu. Tonge likishavuka ulimi, shina la ubongo kule chini karibu na kisogo linapokea kazi bila kukuuliza: njia ya pua inazibwa, zoloto (kisanduku cha sauti) linapanda, kidakatonge (kifuniko cha njia ya hewa) kinalala, nyuzi za sauti zinabana, pumzi inasimama, tonge linapita. Ni kama sekunde moja na misuli zaidi ya 25 imefanya kazi kwa zamu. Kiharusi kikigusa popote kwenye mnyororo huo, zamu zinachanganyika. Na kwa vile nyuzi za sauti ndo mlango wa mapafu, mtu anayeongea kwa sauti ya kukwaruza au ulimi mzito mchunguze na kumeza pia.

Haya.

1. Kaanguka leo? Usimpe KITU mdomoni. Sio maji, sio asali, sio aspirini, sio uji wa kumpa nguvu. Mpeleke hospitali na umwambie daktari saa ngapi mara ya mwisho alionekana mzima, maana ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda mwisho wake wa kawaida ni masaa 4 na nusu, na lazima picha ya CT (ya kuona ndani ya kichwa) itangulie kwa sababu kama mshipa umepasuka dawa hiyo hiyo inaua. Chakula kinasubiri apimwe kumeza.

2. Awe macho. Anasinzia, acha.

3. Akae wima kabisa, kwenye kiti ikiwezekana, miguu iwe chini. Sio kuegemea mito miwili mnasema kakaa.

4. Mswaki kabla na baada ya kula, hata kama hana meno pangusa fizi na ulimi kwa kitambaa safi chenye unyevu. Watu wanadharau hii. Kinachoozesha mapafu mara nyingi ni wadudu wa mdomoni walioshuka na mate.

5. MAJI. Hapa ndo niliharibu mimi na hapa ndo wengi mnaharibu kwa hiyo tulia. Akili ya kawaida inakwambia maji ni mepesi, mgonjwa hawezi kula basi tumpe maji taratibu. Ni kinyume. Maji yanakimbia, yanafika kooni kabla mlango haujafungwa, wakati kitu kizito kidogo kinateremka polepole na kuwapa wale misuli waliochelewa nafasi. Mimi nilimpa maji kwa sababu hakuwa anakohoa, nikajua yanapita sawa, kumbe kuna kupaliwa kimya kimya, mishipa ya hisia kooni imelala, maji yanaingia mapafuni na mtu anakutazama tu. Ikaja homa, pumzi fupi, nimonia, tukarudi wodini. KUTOKUKOHOA SIO USHAHIDI. Dalili za kufuatilia ni sauti kuwa na majimaji baada ya kumeza (mwambie aseme "aaa", ukisikia kama anasukutua, simama), machozi kutoka, homa zinazojirudia bila malaria, kukonda. Kwa hiyo anzia na uji wa ulezi laini uliochujwa, mtindi, parachichi lililopondwa, viazi vilivyosagwa na maziwa. Uzito gani unamfaa wakupangie hospitali, maana ukizidisha uzito nacho kinabaki kooni. Na angalia mkojo, ukiwa mchache na mweusi ujue hapati maji ya kutosha, rudi ukawaambie wakupangie upya, usijiongeze kikombe cha chai.

Vya kuachana navyo mwanzoni: makande, wali mkavu, karanga, supu yenye vipande (kimiminika na kigumu kwa pamoja ndo mtihani mgumu kuliko yote), na mkate wa kuchovya kwenye chai, ambao nyumba zote za huku ndo cha kwanza kumpa mgonjwa.

6. Kijiko cha chai, nusu. Kaa chini usawa wake, ukimlisha umesimama atainua kidevu na kidevu juu kinafungua njia ya hewa.

7. Subiri ameze ndo ulete kingine. Usimpigishe stori mdomo ukiwa umejaa, zima na tivii.

8. Chungulia shavu la upande uliolegea, chakula kinajificha pale na yeye hakisikii.

9. Nusu saa abaki amekaa.

MASWALI

mtoto_wa_Mafinga: mkuu sijasoma yote nipo bize, kwa kifupi dawa gani ya kumfungua koo bibi?

Hakuna. Soma.

mtoto_wa_Mafinga: duh, si ungesema tu jina la dawa

Nimesema hakuna. Bibi yako kijiko kwa kijiko, namba 1 mpaka 9.

Mama Neema: Shikamoo kaka. Mume wangu wamemwekea mpira wa puani wa kumlishia, ndugu wanasema ukiona mpira ujue ndo basi tena tumrudishe Tukuyu akafie nyumbani. Ni kweli?

Marahaba dada, pole sana. Sio kweli. Mpira ni wa kuvusha kipindi, wagonjwa wengi wa kiharusi kumeza kunarudi ndani ya wiki za mwanzo kwa sababu upande mzima wa ubongo unajifunza kubeba kazi ya mwenzake. Baba mkwe alikaa nao mpaka ukatolewa. Ila mpira hauzuii mate kuingia mapafuni, kwa hiyo mswaki uendelee na kichwa kiwe juu wakati wa kumlisha na baada yake. Kabla ya kila mlo hakikisha mpira haujasogea, muombe nesi akufundishe kuangalia alama ya pale puani. Usikubali mtu autoe nyumbani.

Fundi Mbalizi: Swali la ubishi kidogo. Mzee wetu hasemi hata jina lake, ila Jumapili kwaya ikianza anaimba tenzi na maneno yote. Watu wameanza kusema anajifanya.

Hajifanyi na swali lako ni zuri, nilikuwa nasubiri mtu aulize. Kwa walio wengi lugha ipo ubongo wa kushoto. Mwaka 1861 daktari mmoja Mfaransa, Paul Broca, alikuwa na mgonjwa aliyebaki na neno moja tu, "tan", alipokufa wakakuta ubongo umeharibika mbele kushoto. Lakini wimbo na maneno ya mazoea kama sala, salamu, kuhesabu, hata matusi, yanategemea sana upande wa kulia ambao kwa mzee wako umepona. Hiyo hali ya kupotewa na lugha inaitwa afazia. Kuna tiba inayotumia hicho hicho kiimbo, mnaanza kuimba sentensi fupi za kila siku, "na-ta-ka ma-ji", huku mnagonga meza kwa mkono wa kushoto, halafu mnapunguza wimbo kidogo kidogo. Jaribuni dakika chache kila siku. Na msimsemeshe kama mtoto, anaelewa kuliko mnavyodhani.

Fundi Mbalizi: Aisee asante. Sasa kuna mama jirani yeye anaongea haraka tena vizuri ila haieleweki hata neno, wamempeleka kwa maombi wakisema amepagawa.

Hiyo ni aina nyingine ya afazia, Carl Wernicke wa Ujerumani aliieleza 1874, eneo linaloharibika lipo nyuma zaidi. Maneno yanatiririka ila maana imekatika, na mwenyewe mara nyingi hajui kama haeleweki. Maombi waendelee nayo ila presha ipimwe leo.

K_Makambako: kwetu tunampa tangawizi na asali sauti inarudi, hospitali mnapoteza hela

Sauti ya mafua, sawa. Asiyeweza kumeza ukimpa tangawizi kali kwenye maji, umesoma namba 5?

K_Makambako: mnajifanya wajuaji

Sawa.

Mwl Vwawa: Dada yangu alifanyiwa operesheni ya rovu, toka hapo sauti kama mnong'ono na maji yanampalia. Naye ni ubongo?

Ubongo mzima mwalimu, waya ndo una shida. Mshipa wa fahamu wa nyuzi za sauti unatoka kichwani unashuka mpaka kifuani, ule wa kushoto unazunguka chini ya mshipa mkubwa wa moyo ndo unapanda tena shingoni, ukipita nyuma ya tezi ile ile iliyokatwa. Ukiguswa uzi mmoja unalala, mlango haufungi. Mara nyingine mshipa huo huwa umechoka tu na unarudi baada ya miezi. Ampeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo amchungulie. Na yeyote mwenye sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 bila mafua aende pia, kwa sababu ya hicho kimzunguko cha kifuani, uvimbe wa mapafu unaweza kujitangaza kwa sauti.

Mama Neema: Kaka, na kikombe? Akinywa kichwa kinarudi nyuma.

Chukua kikombe laini cha plastiki, kata nusu duara upande mmoja, hapo ndo pua inaingia, anakunywa bila kuinua kidevu. Lainisha ukingo kwa kuupitisha karibu na moto.

mtoto_wa_Mafinga: nimesoma yote sasa. parachichi la aina gani, hass au yale makubwa ya kienyeji?

Lolote lililoiva, liponde lisiwe na nyuzi, yale ya kienyeji mengine yana nyuzi balaa, chuja.