Somo: Kuchambua trela na kupanga filamu yako (soma yote kabla ya kuuliza)

Kila muhula kazi ya somo la midia ikitolewa, simu yangu hujaa swali lilelile: "Niandike nini kuhusu trela?" Wengine wako Kisumu, wengine Nakuru na Kakamega, na wote wanataka jibu usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nayaweka yote hapa, na atakayeuliza kitu kilichomo humu nitamtajia namba ya hatua, basi.

Kazi huwa na sehemu mbili: unachambua trela (kile kipande kifupi cha kuitangaza) ya filamu iliyopo, halafu unapanga filamu yako na kutengeneza trela yake. Watu huzifanya kama kazi mbili zisizojuana, ndiyo maana alama zinapotea. Mtahini anataka kuona kwamba ulichokigundua kwenye trela ya mwenzako umekitumia, au umekikataa kwa sababu, kwenye yako.

Hatua ya 1. Chagua trela ya filamu ambayo umeitazama yote.

Hatua ya 2. Ihifadhi kwenye simu. Utaisimamisha na kuirudisha nyuma mpaka bando liishe.

Hatua ya 3. Itazame bila sauti. Kisha geuza simu kifudifudi uisikilize bila kuiona. Mambo mawili tofauti kabisa yatakujia.

Hatua ya 4. Jedwali. Hapa tukae kidogo.

Chora safu sita: muda, kinachoonekana, kamera, sauti, maandishi, kazi yake. Kila shoti (kipande kimoja cha picha, toka mkato mmoja hadi mwingine) ina mstari wake. Ndiyo, kila shoti. Trela ya dakika mbili inaweza kuwa na shoti zaidi ya mia, na ndiyo, utazijaza kwa mkono. Ukichoka, chukua sekunde 30 za mwanzo na 30 za mwisho, lakini hizo uzimalize.

Safu tano za kwanza hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuzijaza. Alama ziko kwenye ile ya sita. "Picha ya karibu inaonyesha hisia" si jibu. Ni sentensi unayoweza kuibandika kwenye trela yoyote duniani, na mtahini ameisoma mara nyingi kuliko unavyofikiri. Jiulize: nikiondoa shoti hii, mtazamaji atakosa kujua nini, au ataacha kuogopa nini?

Chukua trela maarufu ya Alien, ya 1979. Hakuna mhusika anayesema neno, hakuna msimulizi. Kuna yai, linapasuka, mwanga unatoka ndani. Baadaye mikato inashika kasi, watu wanahangaika, na chini yake kuna mlio kama king'ora usiokoma. Mwanafunzi mvivu ataandika "trela inatisha". Ukijaza safu ya sita utaona kwamba yai linamwambia mtazamaji kuna kitu ndani, na mikato inayofuata inamwonyesha nyuso za watu waliokiona, ila yeye mwenyewe hapewi nafasi ya kukitazama sawasawa. Kukosekana kwa maneno kunafanya kazi pia: hakuna wa kumweleza hofu hiyo inatoka wapi. Hapo umechambua.

Onyo la kwanza: usianze na maoni halafu utafute ushahidi. Jaza kwanza, maoni yatakuja yenyewe. Onyo la pili: usiandike "muziki wa kusisimua". Andika ni ala gani, inaingia sekunde ya ngapi, inakatika wapi, na pale inapokatika tunaona nini.

Hatua ya 5. Orodhesha trela inaficha nini na inadanganya wapi. Ndiyo sababu ya hatua ya 1. Trela ya Psycho ya 1960 inapita dakika sita: Hitchcock, mwelekezi wake, mwenyewe anatutembeza kwenye moteli na ile nyumba kama mtu anayetafuta mpangaji. Mwishoni anavuta pazia la bafu na mwanamke anapiga kelele. Mwanamke huyo ni mwigizaji Vera Miles aliyevaa nywele za bandia, si Janet Leigh ambaye kwenye filamu ndiye aliyekuwa bafuni. Asiyeiona filamu hawezi kujua amechezewa.

Hatua ya 6. Sentensi moja ya filamu yako. Nani, anataka nini, nini kinamzuia, atapoteza nini. Mfano ninaotumia na vijana wangu (Dunga ni ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu): *Mvuvi wa Dunga ambaye boti yake imenaswa na magugu maji usiku lazima achague kati ya injini aliyoikopea pesa na kijana aliyempakia bila jaketi la kuokolea.* Sentensi ikihitaji "halafu" mara tatu, bado huna filamu.

Hatua ya 7. Andika hadithi yote kwenye ukurasa mmoja, pamoja na mwisho. Usiseme "mwisho utakuwa wa kushangaza". Ushangaze nini na huujui?

Hatua ya 8. Storibodi, yaani shoti zako zikiwa michoro kwa mfuatano. Watu wa vijiti wanatosha, hakuna anayepima uchoraji. Ila chini ya kila kisanduku andika sauti na sekunde. Kwa yule mvuvi: mkono unavuta kamba ya injini (sekunde 2, mvuto, kimya). Mkono huohuo tena (sekunde 2, mvuto, kimya). Rafadha iliyofungwa mizizi ya magugu (sekunde 1, maji tu). Uso wa kijana ukitazama mahali jaketi lilipaswa kuwa (sekunde 3, hakuna sauti kabisa). Hakuna aliyesema "tuko hatarini", na trela ya darasani ya sekunde 60 hadi 90 haina nafasi ya hotuba.

Hatua ya 9. Mahali na ruhusa. Barua ya shule au chuo, ruhusa ya mwenye mahali kwa maandishi, na ya mzazi kama mwigizaji hajafika miaka 18. Sheria ya Filamu, Sura ya 222, inadai leseni kwa filamu inayotengenezwa kuonyeshwa hadharani au kuuzwa, kwa hivyo kama unaota kuipeleka nje ya darasa, uliza mapema. Droni ni mambo ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kando ya ziwa, usijaribu kujificha.

Hatua ya 10. Kupiga picha. Simu ilale kwa upana. Funga fokasi na mwangaza ili picha isipumue, yaani isififie na kung'aa yenyewe. Ukiwa ndani chini ya taa za umeme, weka fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Ukipuuza, utapata mistari inayotembea ukutani.

Sasa sauti. Someni kwa makini, hii imenigharimu. Alasiri upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, na maikrofoni ya simu huupokea kama mngurumo mzito unaokaa juu ya maneno. Kwenye simu yako papo hapo utadhani ni sawa. Nyumbani, ukivaa hedifoni, mazungumzo yote hayafai, na hakuna programu itakayoyarudisha kama yalivyokuwa. Piga matukio ya ufukweni asubuhi mapema, ziwa likiwa limetulia. Weka simu ya pili ikirekodi sauti peke yake, mfukoni mwa shati la mwigizaji, imefunikwa kwa soksi safi. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kila tukio ili upate pa kuunganishia sauti na picha. Sikiliza kwa hedifoni papo hapo, kabla mwigizaji hajapanda boda kwenda kwao. Na kila mahali, kabla ya kuondoka, rekodini nusu dakika mkiwa kimya. Sauti hiyo ya mahali patupu ndiyo itakayoziba nyufa kati ya mikato. Mvua ya jioni kwenye mabati, hapo hakuna ujanja. Ahirisha.

Hatua ya 11. Hariri. Nakala mbili, mahali pawili. Stima zikipotea usinililie.

Hatua ya 12. Maelezo ya mwisho: chukua mistari mitatu au minne ya jedwali lako la hatua ya 4 na uonyeshe ilivyoathiri shoti zako. Taja na daraja la umri ungeliomba (GE ya watu wote, PG ya kutazama kwa uangalizi wa mzazi, 16 au 18) na kwa nini.

---

MASWALI

Kevo wa Kondele: Mwalimu, kwani lazima niwe nimeitazama filamu yote?

*Hatua ya 1 na ya 5. Na mimi si mwalimu.*

Kevo wa Kondele: Lakini hii ninayoitaka haijatoka bado.

*Basi chukua nyingine, omera. Zimekuwa zikitoka tangu 1895.*

Nafula B.: Shikamoo. Nimejaza jedwali lote, shoti 94. Nataka kusema kasi inaongezeka kuelekea mwisho, lakini naona kama ni hisia zangu tu. Nithibitishe vipi?

*Marahaba, na hongera kwa hizo 94. Gawa trela vipande vitatu sawa. Kwa kila kipande, chukua sekunde zake ugawanye kwa idadi ya shoti. Kipande cha sekunde 40 chenye shoti 10 kina wastani wa sekunde 4. Cha mwisho chenye shoti 50 kina chini ya sekunde moja. Hapo huzungumzii hisia tena. Kisha tafuta palipo kinyume: karibu na mwisho mara nyingi kuna shoti moja ndefu, muziki umekatika, mtu anapumua au anasema neno moja. Iandikie aya nzima. Kasi inasikika kwa sababu mahali fulani imesimama.*

Nafula B.: Ipo! Sekunde saba, mlango tu.

*Mlango umefungwa au uko wazi kidogo? Anzia hapo.*

Mtu wa Section 58: Tuko Nakuru. Mtahini wetu anataka angalau filamu moja ya Kenya. Za kuanzia ni zipi?

*Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga, Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya, Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Zote tatu zimepitia mkono wa kampuni za One Fine Day Films na Ginger Ink, kwa hivyo unaweza kulinganisha kitu cha maana: watengenezaji walewale wanauzaje hadithi ya kijana anayekuja mjini kuwa mwigizaji, na wanauzaje ya msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa sinema? Sikiliza lugha pia. Trela ya hapa kwetu ikichanganya Kiswahili, Sheng na Kiingereza, angalia nani anapewa lugha ipi, na maandishi ya chini yameandikiwa mtazamaji gani.*

_jina limefutwa_: Nitumie tu jedwali lako nione mfano, sitanakili.

*Hapana.*

Wuod Kano: Nimepata wimbo mzuri sana wa benga wa kuweka kwenye trela. Mwalimu wetu amesema kazi ya darasani inaruhusiwa.

*Kwa darasani msikilize mwalimu wenu, yeye ndiye anayesahihisha. Mimi nakwambia ukiipandisha mtandaoni huenda ikanyamazishwa au mwenye wimbo akakutafuta.*

Wuod Kano: Sasa unanitisha bure. Kila mtu anatumia.

*Sikutishi. Umeuliza nimejibu. Kama una jamaa anayepiga nyatiti, hata kama si hodari, mrekodi dakika moja chumbani, muandikiane karatasi, na uwe na sauti ambayo hakuna mwingine darasani anayo. Na ukipiga picha ndani ya matatu, mwombe dereva azime redio. Wimbo ukiingia nyuma ya mazungumzo hutaweza kukata popote bila wimbo kuruka.*

Wuod Kano: Hiyo ya redio sikuwa nimeifikiria. Mjomba ana nyatiti.

*Ndiyo hiyo.*

Akinyi wa Nyalenda: Filamu yangu ni ya usiku kama hiyo ya mvuvi, na simu yangu gizani inatoa picha ya chembechembe, mchanga mtupu. Nifanyeje?

*Usipige usiku. Piga jioni, jua likishazama, mwangaza wa kamera ukiwa umeushusha, na uelekeze rangi kwenye ubaridi (bluu) kidogo. Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro kidogo, na hapa karibu na ikweta giza halikungoji: una kama dakika 20. Fanyeni mazoezi mchana kutwa, kila mtu ajue mahali pake, ndipo mwanga huo ukifika mnapiga tu. Boti iwe imefungwa kwa kamba ufukweni. Ukibana fremu, hakuna atakayejua mko hatua tatu kutoka nchi kavu.*

Akinyi wa Nyalenda: Na sauti? Ulisema jioni kuna upepo.

*Swali zuri. Usirekodi mazungumzo jioni hiyo. Panga tukio lisiwe na maneno, kisha urudi asubuhi urekodi kamba ya injini, maji yakigonga mbao, pumzi. Utazipandikiza kwenye uhariri.*

Baba Omena: Mimi si mwanafunzi, nina boti Dunga, binti yangu ndiye amenionyesha hii. Niongeze moja. Jioni ndiyo saa ambayo viboko hutoka majini kwenda kula majani. Hao watoto wako wenye simu wasisimame kwenye nyasi kando ya maji wakirudi nyumanyuma kutafuta picha. Waulize watu wa ufuo kwanza wanyama wamelala upande gani, na wawe na mtu mmoja ambaye hashiki kamera, kazi yake kutazama tu.

*Asante sana mzee. Wote waisome pamoja na hatua ya 9. Na je, mtu akitaka kukodi boti iliyofungwa tu, bila kuingia majini, bei inapungua?*

Baba Omena: Waje asubuhi kabla samaki hawajafika, tutaongea. Injini wasiivute ikiwa nje ya maji, itaharibika.