Kongamano lako la kwanza la teknolojia: nenda na swali la kazi yako

Mama yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza. Nilimtengenezea yeye na wenzake programu ndogo ya simu ya kuandika magunia yanayoingia na kutoka, na kwa miezi kadhaa ilinikosesha usingizi. Mtandao ukisuasua, mtu anabonyeza "tuma" mara mbili, gunia moja linahesabika mawili, ugomvi unaanza. Nikiwa na tatizo hilo kichwani nilipanda basi alfajiri pale Nyegezi kwenda kongamano langu la kwanza, Dar es Salaam.

Siku ya kwanza nilikaa safu ya nyuma asubuhi hadi jioni, nikajaza kurasa 18 za daftari. Wakati wa chai nilisimama ukutani nikitazama simu. Kurasa zile sijazifungua tena.

Siku ya pili, kwenye foleni ya chakula, kaka mmoja akaniuliza, "Dada, huko Mwanza unafanya nini?" Nikamweleza habari ya magunia. Akaniambia: kila rekodi ipe namba yake ya pekee humo humo kwenye simu kabla haijatumwa, ihifadhi, mtandao ukirudi itume, seva, yaani kompyuta inayopokea rekodi zote, ikikutana na namba ile ile mara ya pili, isiandike upya. Hatukuwa hata tumefika kwenye sahani. Niliporudi nyumbani, kazi hiyo ilinichukua jioni moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujafungua ratiba, andika swali lako. Liwe na kitu kinachoshikika. Ukisema "nataka kujua akili mnemba", mtu atakutakia heri aendelee na chai yake. Ukisema "nina picha za samaki nilizopiga kwa simu, nataka programu itofautishe sato na sangara bila intaneti, nianzie wapi?", atavuta kiti. Na uliza kwa Kiswahili. Hata kama mada zinatolewa kwa Kiingereza, nje ya ukumbi wengi wanafurahi kuongea lugha ya nyumbani. Anza na salamu, kama unavyoanza mwaloni kabla ya kuuliza bei.

Mada chagua tatu kwa siku, zinatosha. Mimi huzifuata zile ambazo mtoa mada anaeleza kilichomshinda, maana hapo ndipo pana kujifunza. Kaa mbele, akimaliza mfuate. Muda unaobaki uwe wa watu: kama mada zinarekodiwa utazitazama baadaye, ila yule uliyesimama naye kwenye foleni hutampata kwenye video.

Kuingia kwenye kundi la watu wasiokujua ndiko kugumu kuliko yote. Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa Read the Docs, tovuti inayohifadhi maelezo ya matumizi ya programu, ana kanuni anayoiita ya Pac-Man: mkisimama duara mkiongea, acheni nafasi ya mtu mmoja, kama mdomo ulio wazi wa kile kikatuni cha mviringo cha mchezo wa zamani wa video. Ukiona pengo hilo, ingia, sikiliza kwanza, kisha jitambulishe. Ukishazoea, wewe ndiye uwaachie wengine nafasi.

Beba bando lako, kwa sababu waifai ya ukumbini hulemewa watu wakifungua kompyuta kwa pamoja. Pawabenki, chaja, na sweta pia. Kiyoyozi cha ukumbini kinaweza kuwa kikali kuliko upepo wa ziwani.

Dada zangu hasa, someni kanuni za maadili za kongamano mapema na mhifadhi namba ya wasimamizi. Mtu akikusumbua, piga simu palepale. Usimvumilie eti kwa kuwa yeye ni mkubwa kwenye fani.

Kongamano likiwa hapa Mwanza, wa Sengerema na Geita siku hizi wanapita daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, hawasubiri tena kivuko. Wa Ukerewe waje siku moja kabla walale mjini, maana ratiba ya meli haisubiri ufunguzi.

Ukirudi, tuma ujumbe ndani ya siku mbili, kabla sura yako haijamtoka mtu. Wangu ulikuwa hivi: "Habari kaka, ni mimi wa dagaa wa Mwaloni, tuliongea kwenye foleni ya chakula. Nimeweka namba ya pekee kama ulivyonielekeza, na magunia hayajirudii tena. Mama anakushukuru. Nina swali jingine moja."