Namna ya Kuingiza Maendeleo Endelevu katika Mfumo wa Elimu wa Taifa

Mwaka 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliahidi, katika shabaha ya 4.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, kwamba ifikapo 2030 kila mwanafunzi atakuwa amepata maarifa na stadi za kuendeleza maendeleo hayo, yaani yale yanayokidhi mahitaji ya leo bila kuvinyima vizazi vijavyo. Utekelezaji wake hupimwa kwa mambo manne: sera, mitaala, mafunzo ya walimu na upimaji wa wanafunzi. Wizara nyingi huanza na sera kwa kuwa ndiyo rahisi kuandika. Mimi nashauri mpangaji aanze na mtihani.

Sababu ni kwamba mwalimu mwenye darasa kubwa na vipindi vichache hufundisha kile kitakachoulizwa, na hana kosa kufanya hivyo. Kwa hiyo kaeni kwanza na watunga mitihani, mkubaliane kuhusu maswali yanayomtaka mwanafunzi apime faida na hasara za uamuzi halisi, kwa mfano kukausha ardhi oevu ili kupata mashamba, badala ya kukariri maana ya mazingira.

Baada ya hapo pitieni mihutasari ya masomo yaliyopo. Msianzishe somo jipya: ratiba imekwisha kujaa, na somo linalojitenga huwapa walimu wengine wote kisingizio cha kutohusika. Hisabati inaweza kukokotoa maji yanayopotea kwenye bomba linalovuja, jiografia ikafuatilia mmomonyoko wa udongo, na uraia ukajadili nani ananufaika na nani anaumia, kwa maana uendelevu ni suala la haki na uchumi pia, wala si la kupanda miti peke yake.

Walimu ndio watakaobeba mzigo huu, hivyo vyuo vya ualimu vibadilike pamoja na mitaala, si miaka kadhaa baadaye. Kwa walio kazini, semina ya siku moja haitoshi. Wapangieni vikao vya mara kwa mara shuleni kwao, ambamo wataandaa masomo pamoja, watatembeleana madarasani na kusahihishana.

Mwisho, wakaguzi waangalie pia shule yenyewe inavyotumia maji na nishati na inavyoshughulikia taka zake, na fedha za kurekebisha kasoro watakazozikuta ziwekwe kwenye bajeti ya kawaida ya elimu, kwa sababu zikitoka kwa wafadhili pekee, kazi husimama mradi unapofungwa.