Jinsi ya Kutathmini Hatari za Kiafya katika Maji ya Kunywa ya Jamii

Tathmini ya maji huanza kwa miguu, kabla ya maabara. Fuata njia ya maji kuanzia chanzo, kupitia mtambo wa kusafishia, matanki na mabomba, hadi chombo cha kuhifadhia nyumbani, na kila mahali jiulize uchafu unaweza kuingilia wapi. Kisimani, angalia kama zege linalokizunguka limepasuka, kama maji yaliyomwagika yanatuama, na kama kuna choo cha shimo upande wa juu wa mteremko. Mabomba yanayovuja huku maji yakikatika mara kwa mara yanahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa msukumo ukishuka, majitaka yaliyo ardhini hufyonzwa ndani kupitia ufa uleule uliokuwa ukivujisha.

Baada ya ukaguzi ndipo upime. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, bakteria wa E. coli, ambao ni ishara ya kinyesi, hawapaswi kuonekana kabisa katika mililita 100 za maji. Sampuli ichukuliwe kwa chupa iliyotakaswa, ihifadhiwe kwenye ubaridi na kufikishwa maabara mapema ili ipimwe ndani ya saa 24. Klorini, dawa inayotiwa majini kuua vijidudu, ipimwe papo hapo bombani, kwani hupungua haraka. Mahali watu wanapoteka isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita.

Hata hivyo, sampuli moja safi isimtulize mtu. Maji yaliyopimwa wakati wa kiangazi hayasemi lolote kuhusu siku ambayo mvua kubwa itasomba kinyesi hadi kwenye chanzo. Isitoshe, E. coli hufa upesi kwa klorini, ilhali vimelea vya kriptosporidiamu huistahimili: mwaka 1993, mjini Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua kwa kunywa maji ya bomba yaliyokuwa yametiwa klorini. Kwa hiyo pima pia kiwango cha tope na ukague machujio, kwani panapopita tope, vimelea navyo huweza kupita.

Zipo pia hatari za kemikali: arseniki na floridi hutoka kwenye miamba, hazionekani, wala kuchemsha hakuziondoi. Kikomo chake ni miligramu 0.01 na 1.5 kwa lita, kwa mfuatano huo.

Mwishowe, ipime kila hatari kwa uwezekano wa kutokea na ukubwa wa madhara yake, ukitanguliza kinyesi, kwa sababu huweza kuugusa mji mzima kwa siku chache. Andika nani atarekebisha nini na lini, kisha rudia ukaguzi baada ya kila mafuriko au matengenezo ya bomba.