Somo: Mgonjwa aliyeelemewa na mawazo wodini, tumsaidieje hatua kwa hatua

Habari za kazi, wauguzi wenzangu.

Miaka ya nyuma, nikiwa wodi ya upasuaji ya wanaume hapa Tanga, tulimpokea mzee mmoja mvuvi wa Sahare. Kisukari kilimharibu mguu, ukakatwa chini ya goti. Kidonda kikafunga vizuri, lakini mwenyewe akawa anazidi kufifia. Alilala kaugeukia ukuta, uji unapoa mezani, vidonge anavificha chini ya godoro. Siku tatu mfululizo niliandika kwenye faili lake: "Anagoma kula, hana ushirikiano." Siku ya nne dada wa usafi, akiwa anapiga deki, akaniambia: "Sista, yule mzee kila asubuhi huniuliza bahari imeamkaje." Mimi sikujua hata kama anazungumza.

Somo hili nimeliandika kwa sababu ya siku zile tatu.

Hatua ya 1: Anza na mwili

Mgonjwa akibadilika ghafla, anapayuka, haijui siku, anaona watu wasiokuwepo, usikimbilie kusema amepata wazimu. Pima sukari, joto, presha na oksijeni. Angalia mkojo unatoka. Uliza kama ni mtu wa pombe aliyeikosa siku mbili tatu tangu alazwe. Sukari ikishuka humfanya mtu mpole awe mkali, na malaria kali huchanganya akili. Mvurugiko wa namna hii huja na kuondoka, mchana ametulia, usiku anang'oa dripu. Hiyo ni dharura ya daktari. Na mwenye kisukari asiyekula huku anachomwa insulini yuko hatarini saa hiyo hiyo. Kwa mzee wangu hilo peke yake lilitosha kunishtua mapema.

Hatua ya 2: Kaa

Vuta kiti, macho yenu yawe usawa mmoja. Sogeza pazia kama lipo. Msalimie kwa heshima ya umri wake, "Shikamoo mzee wangu, umeamkaje?", halafu ngoja. Kunyamaza kunatutisha, ndiyo maana tunakujaza kwa maneno: "Jikaze, wewe mwanaume." "Wenzako wana hali mbaya zaidi." "Mshukuru Mungu." Mgonjwa akiambiwa jikaze anaelewa kwamba umemwambia anyamaze. "Pole" moja iliyotoka moyoni inatosha.

Hatua ya 3: Uliza kwa maneno yake

Ni wachache watakaokuambia "nina sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Watasema moyo mzito, kichwa kinawaka moto, usingizi umeruka, maungo yote yanauma, mawazo yamenizidi. Wenzetu wa Zimbabwe wanasema *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, na kwa neno hilo hilo bibi waliofundishwa mjini Harare wamekuwa wakikaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati tangu 2006. Hawakusubiri mgonjwa ajifunze maneno ya kitabibu.

Kwa hiyo uliza: "Mawazo hayo yanakujia zaidi saa ngapi? Kabla ya kuugua ulikuwa unapenda nini? Sasa hivi unakitamani?" Kama wodi yenu ina PHQ-9 ya Kiswahili, dodoso la kupima sonona, litumie. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Akifika 10, mwambie daktari na uombe mtu wa afya ya akili amwone. Ila usimsomee kama karani wa sensa.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu kufa

Hapa ndipo wengi tunakwepa, tukihofia kumtia mtu wazo. Kuuliza hakumtii wazo. Aliye nalo hupata pa kulitua, asiye nalo atakuambia hapana. Mimi nasema hivi: "Watu wakizidiwa hivi, wengine huona afadhali wafe. Wewe umewahi kufikia hapo?" Akisema ndiyo, nauliza waziwazi kama amefikiria kujiua na kama amepanga lolote.

Jibu likiwa ndiyo, usiondoke ukamwacha peke yake. Usimwahidi kwamba itakuwa siri yenu wawili; mwambie kwa upole kwamba utamshirikisha daktari ili alindwe. Mhamishie kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi, ondoa dawa na vitu vya hatari, ndugu akae naye, na zamu inayofuata iambiwe kwa mdomo na kwa maandishi. Swali la tisa la PHQ-9 linahusu jambo hili. Likipata alama yoyote juu ya sifuri, jumla hata ikiwa ndogo, hatua ni hizi hizi.

Na jamani, tusimhukumu. Kumwambia aliyechoka na dunia kwamba kukata tamaa ni dhambi ni kumwongezea mzigo.

Hatua ya 5: Rudisha kitu kimoja kidogo

Mzee wangu nilimwomba anifundishe kushona wavu. Mjukuu wake akaleta kipande cha nyavu na sindano yake. Siku ya kwanza alishona matundu manne tu, akachoka, lakini jioni alikunywa uji nusu kikombe. Lutindi, kule milimani Korogwe, hospitali ya magonjwa ya akili ambayo tangu enzi za Mjerumani inahudumia watu wa ukanda huu, kazi za mikono na shamba ni sehemu ya tiba. Wodini kwetu hakuna shamba, lakini kuna kunyoa ndevu, kutoka kwenye kibaraza kuota jua, kukunja pamba, kumpigia mtoto simu.

Usingizi nao. Panga vipimo na dawa za usiku viende pamoja, usimwamshe mara tano. Zima taa usizohitaji. Na sauti zetu pale mezani usiku, tuzipunguze.

Hatua ya 6: Andika alichosema

Futa "mkorofi" na "hana ushirikiano". Andika: "Amesema, 'Nimekuwa mzigo kwa watoto.' Amekula vijiko vitatu. Amelala kwa muda wa saa mbili." Akiruhusiwa na dawa za sonona, yeye na ndugu waelezwe kwamba hazifanyi kazi kama panadol, huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, na asiziache ghafla akijiona mzima. Aondoke na tarehe ya kliniki mkononi.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi, Muheza: Dada, wagonjwa arobaini, sisi wawili. Muda wa kukaa kitini nautoa wapi?

Ni kweli, na haki yetu ya kuongezewa watu tuidai. Lakini dripu unaifunga, kidonda unakisafisha, presha unapima. Dakika hizo tayari unazo, zungumza humo humo. Kisha chagua mgonjwa mmoja tu kwa zamu, umpe dakika tano za kukaa.

Mwanafunzi mwaka wa pili, Korogwe: Kijana alichomwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, jana. Leo shingo imepinda, macho yameelekea juu, ulimi mzito. Ndugu wanasema jini limepanda, wanataka kumtoa.

Mwite daktari sasa, usisubiri raundi. Hayo ni madhara ya dawa, misuli inakaza, huwapata sana vijana siku za mwanzo. Angalia anavyopumua na kumeza, asinyweshwe kitu kwa nguvu. Dawa ya kuifungua ipo, na akipewa sindano yake mara nyingi shingo hurudi ndani ya dakika chache. Ndugu waite waone kwa macho yao. Hilo litawashawishi kuliko maelezo yako. Wakitaka shehe amsomee kitandani, mkaribishe, mradi dawa zisikatishwe na kijana asifungwe wala kupigwa.

Mkunga, Pangani: Mama aliyejifungua analialia. Nitajuaje kama ni kawaida?

Machozi ya siku ya tatu, ya nne, yanayopoa kabla ya wiki mbili, wengi huyapata. Apumzike, asaidiwe mtoto, asisemwe. Yakipita wiki mbili, au hamtamani mtoto, apimwe sonona. Lakini mama asiyelala kabisa hata mtoto akilala, anayesema maneno yasiyoeleweka au anayesema mtoto amebadilishwa, huyo ni wa rufaa siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake na mtoto.

Muuguzi, Tanga mjini: Sista, tulimpoteza mgonjwa juzi. Nikifika nyumbani nakaa tu gizani. Hata kupika siwezi.

Mdogo wangu, pole sana. Leo ukitoka zamu usiende moja kwa moja nyumbani, nipigie kwanza. Kesho tutakwenda wote kwa msimamizi tuombe ubadilishiwe zamu za usiku, halafu tupite kliniki ya afya ya akili. Nitakaa na wewe kwenye foleni.