Kutoa 1G na kufunga 1JZ kwenye Mark II GX100: hatua kwa hatua, na waya ndio kazi yenyewe

Wakuu, kuna kijana wa mtaani kwetu alileta GX100 yake inavutwa kwa kamba. Injini ya 1JZ ilishafungwa na gereji moja, imekaa vizuri tu kwenye maunti (vishikizo vinavyobeba injini), ila stata inazunguka na gari haiwaki. Tulikomaa nayo mpaka ikawaka, na tangu siku hiyo vijana wenye Mark II wananijia na maswali yale yale, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja.

Naongelea Mark II GX100, ya 1996 hadi 2000, na ndugu zake Chaser na Cresta. Unatoa 1G-FE ya cc 1988, unaweka 1JZ-GE VVT-i ya cc 2491, ile isiyo na turbo (VVT-i ni mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka). 1G ya VVT-i ilikuja na nguvu za farasi 160, 1JZ-GE VVT-i ina 200, na tofauti unaisikia kwenye mlima ukiwa na abiria wanne na AC imewashwa. Kazi hii inawezekana nyumbani kwa sababu Toyota wenyewe walitoa bodi hiyo hiyo ikiwa na 1JZ, ndiyo JZX100, kwa hiyo hukati chesisi wala huchomelei krosi memba (chuma kinachopita chini ya injini), unatafuta tu vitu vya JZX100 unavifunga.

Hatua ya 1: Usinunue injini, nunua seti

Hapa ndipo pesa inapookolewa au inapopotea. Ukienda Gerezani au Shaurimoyo kwa Dar, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, utaonyeshwa injini imelala chini peke yake, waya zimekatwa kwa kisu, kontroli boksi (kompyuta ya injini) hakuna, na bei imeshuka kidogo. Achana nayo. Unataka injini na gia boksi yake, waya zake zote mpaka kwenye soketi za mwisho bila kukatwa, kontroli boksi iliyotoka kwenye gari hilo hilo, mabano ya maunti, alteneta, pampu ya stelingi, kompresa ya AC, sensa zote na throto bodi. Gia boksi ya 1G haikai kwenye 1JZ, nyumba ya gia boksi ina matundu tofauti, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utatumia yako.

Angalia kava la juu. Ukiona imeandikwa D-4 hiyo ni 1JZ-FSE, nozeli zinapiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda na ina pampu ya presha kubwa. Ziko nyingi sokoni na muuzaji atakwambia ni ile ile. Si ile ile, mimi siifungi kwenye gari la mtu.

1JZ-GE VVT-i ilifungwa pia kwenye Crown na Progres. Ukipata ya huko ni sawa, lakini linganisha umbo la sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mabano ya maunti na ya JZX100 kabla hujatoa hela, maana sampu ikigonga krosi memba utakuwa umenunua kazi nyingine.

Kabla ya kulipa omba wapime kompresheni. Plagi zote sita nje, throto imefunguliwa mpaka mwisho, betri iliyojaa. Kwangu namba kubwa si muhimu kama ulingano, Toyota wanataka silinda na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, endelea kutafuta.

Hatua ya 2: Kushusha 1G

Hii nitapita haraka, ukishawahi kushusha injini yoyote unajua. Gesi ya AC itolewe na fundi wa AC mwenye mashine yake, usiifungulie hewani. Boneti nje, rejeta nje, propela shafti nje, toa injini na gia boksi pamoja. Cheni bloku ifungwe kwenye kitu kinachobeba kweli, 1JZ na gia boksi yake ni zaidi ya kilo 200 na tawi la mwembe halifai hata kama jirani yako amelitumia.

Kila waya unaochomoa uwekee lebo ya tepu na upige picha. Waya za 1G usizitupe, utazihitaji hatua ya 5.

Hatua ya 3: 1JZ ikiwa bado chini, maliza kila kitu

Injini ikiwa chini unafika kila mahali, ikishapanda kila kitu ni kujikunja. Mimi nabadilisha taimingi belti na tenshona na beringi zake, pampu ya maji, oili sili za mbele na ya nyuma, themostati, na gasketi za kava za valvu. Hizo gasketi za kava zikivuja oili inaingia kwenye visima vya plagi na gari linaanza kumisi (silinda inakosa moto), na hapo watu wananunua koili mpya bure.

Na kwenye koili: 1JZ-GE VVT-i ina koili tatu kwa silinda sita, kila moja inapiga mbili, 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Ukisikia inamisi silinda mbili kwa pamoja na ziko kwenye jozi hiyo, anza na koili. Ikimisi moja tu, angalia plagi, waya wa plagi au nozeli.

Taimingi belti nunua ya Toyota au ya kampuni inayoaminika, mistari ya alama ilingane, zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili uangalie tena. Ikigoma kuzunguka usilazimishe, rudi nyuma.

Hatua ya 4: Kupandisha

Kuna jambo moja hapa kwa wenye gia boksi ya otomatiki. Ukitenganisha gia boksi na injini ili ubadilishe sili ya nyuma, toki konveta (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi) lazima irudi mpaka mwisho ndani ya pampu ya gia boksi. Isukume huku unaizungusha, utasikia inaingia, inaingia tena, kisha inaingia tena. Ukiunganisha, nyumba ya gia boksi inatakiwa ikutane na injini kwa mkono tu, bolti ni za kukaza. Ukijikuta unatumia bolti kuvuta vitu hivi viwili vikutane, simama hapo hapo, konveta haijakaa, na ukiendelea kukaza unavunja pampu ya gia boksi.

Propela shafti pima kabla hujaifunga, gia boksi si moja kwa hiyo urefu usiuchukulie kwamba uko sawa. Mengine ni maunti, ekzosi na hozi.

Hatua ya 5: Waya

Haya, tulia hapa. Injini kukaa kwenye maunti ni kazi ya wikendi, hii ndiyo inayofanya magari yakae uani miezi na miezi.

Kwanza tafuta ramani za waya mbili, ya gari lako na ya gari lilikotoka injini, na za mwaka husika. GX100 ya kabla ya Agosti 1998 na ya baada ya hapo si moja, mwaka huo ndipo 1G ilipoanza kuja na VVT-i, na upande wa waya nao ulibadilika. Usikubali mtu akuunganishie kwa kufuata rangi. Rangi inafanana, kazi yake ni tofauti.

Waya za injini zinapita kwenye ukuta wa kati ya injini na kabini zinaingia ndani mpaka kontroli boksi nyuma ya dashibodi upande wa abiria, na hapo hapo zinakutana na waya za bodi kwenye soketi. Injini ya JZX100 inakupa bahati kwamba soketi nyingi zinaingia, lakini kuingia si kulingana. Kaa chini na daftari, andika pini moja moja: ya ramani hii inakwenda wapi, ya ramani ile inakwenda wapi. Hapa ndipo waya za zamani za 1G zinasaidia, soketi ya upande wa bodi ikitofautiana unakata ile ya 1G na kuiunganisha kwenye waya za 1JZ, waya za bodi unaziacha kama zilivyotoka kiwandani.

Waya ambazo lazima uzikamilishe ili iwake ni chache, nazitaja kwa majina ya pini zilivyo kwenye ramani. BATT, umeme wa kudumu. +B, unaotoka kwenye rilei kuu ya EFI. IGSW, unaokuja swichi ikiwa on, na usikatike wakati wa stati, huu mtego umewakamata wengi. STA, ishara ya kupiga stata. FC, ambao kontroli boksi inauvuta kwenda athi (upande wa hasi) ili rilei ya pampu ya mafuta ifunge. Halafu W ya taa ya injini kwenye dashibodi, SPD ya spidi, NSW ya gia boksi (swichi ya P na N), waya wa mita ya mizunguko, na taa ya oili. Alteneta ina tatu ndogo, S, IG na L, ukisahau L taa ya chaji haiwaki na alteneta inaweza isianze kuchaji.

Sensa ya joto la maji usichanganye: ya kontroli boksi ina pini mbili, ya mshale wa dashibodi ni nyingine. Watu wanaunganisha hii kwa ile, mshale haupandi, gari linachemsha bila dereva kujua, na hedi ndefu ya silinda sita ikipinda huna injini.

Sasa athi. Hapa ndipo gari la yule kijana lilipokuwa limefia. Kontroli boksi ya Toyota inapata athi zake, E1, E01 na E02, kwenye injini, siyo kwenye bodi. Kuna vichwa vya pete vinafungwa kwa bolti kwenye intake manifoldi, vimejificha, na ukishapandisha injini huvioni mpaka uingize tochi na kioo. Vilikuwa vinaning'inia tu. Kwa hiyo stata inazunguka kwa nguvu zote, pampu ya mafuta ikilazimishwa inapiga, lakini hakuna moto kwenye plagi na nozeli hazipigi, kwa sababu kontroli boksi haina pa kushushia umeme. Walishabadilisha koili na walishabadilisha sensa ya kranki, kontroli boksi ya pili ilikuwa imeshalipiwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mita ya umeme. Weka mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.3 athi yako haitoshi. Rudia kati ya hasi ya betri na pini ya E1 kwenye soketi ya kontroli boksi. Rudia kati ya bodi na injini, maana kuna waya mnene wa athi kutoka injini kwenda kwenye bodi na mafundi wengi wanausahau kwenye injini ya zamani. Athi ikwanguliwe rangi mpaka chuma king'ae, ndipo ufunge. Na mita iwe mita kweli, testa ya taa usiiguse kwenye soketi za kontroli boksi, inavuta umeme mwingi kuliko ambao baadhi ya njia za ndani zinaweza kubeba.

Kuunganisha waya: solda, kisha mpira wa kuvutwa kwa joto, kisha tepu ya kitambaa. Kunyonga waya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi sikubali hata kwa redio. Tepu hiyo ikipata joto la injini inayeyuka gundi, inafunguka, na waya za volti 12 zikigusana huko ndani unachoma kitu cha bei. Waya pia zifungwe klipu zisining'inie, solda haipendi kutikisika.

Kulazimisha pampu ya mafuta ipige bila injini kuwaka, unganisha FP na +B kwenye boksi la uchunguzi chini ya boneti, swichi iwe on. Usikie nyuma kwenye tenki, na upitie hozi zote kwa macho uone kama kuna inayovuja kabla hata ya kugusa stata. Kusoma makosa, unganisha TE1 na E1 kwenye boksi hilo hilo, taa ya injini itapepesa. Ikipepesa kwa mwendo mmoja bila kukatika, haina kosa. Namba 12 inakupeleka kwenye ishara za sensa ya kranki na ya kamu, 14 kwenye ishara ya moto wa koili, 22 kwenye sensa ya joto la maji. Na 12 hiyo usiiamini kabla hujahakikisha athi.

Hatua ya 6: Kuwasha

Oili, maji na kulanti, mafuta ya gia boksi. Chomoa soketi za koili na za nozeli, piga stata mpaka taa ya oili izime, kisha rudisha. Ikiwaka usipige resi. Kaa nayo, hita imefunguliwa mpaka mwisho, kifuniko cha rejeta wazi tangu ikiwa baridi, jaza kadiri hewa inavyotoka hadi themostati ifungue na feni ifanye kazi, ndipo uzime, iache ipoe na ufunge. Otomatiki pitisha gia zote mguu ukiwa kwenye breki, kisha angalia tena dipstiki ya gia boksi injini ikiwa inaunguruma.

Hatua ya 7: Kabla ya kwenda barabara kuu

Breki. Gari limekuwa zito kidogo mbele na lina kasi zaidi, breki pedi zilizokwisha na diski zilizochimbika zisiendelee kukaa hapo. Kama bajeti imebaki ya kitu kimoja tu, iende breki, rimu zitasubiri.

Oili ya kwanza imwage mapema, mimi namwaga kilomita 500, na kaza upya bolti za maunti na ekzosi manifoldi siku hiyo hiyo.

Risiti ya injini na karatasi zote za muuzaji zitunze. Namba ya injini na cc viko kwenye kadi ya gari, vinatakiwa vibadilishwe TRA kwa Tanzania, na kwa Kenya ni NTSA, na uwaambie watu wa bima pia. Fanya hivyo kabla hujafikiria kuliuza, kwa sababu mnunuzi makini atafungua boneti, atasoma namba iliyopigwa kwenye bloku na kuilinganisha na kadi.