Kupachika vipande vya nyimbo kwenye kipindi cha mazungumzo ya muziki redioni

Kipande cha sekunde 20 hadi 40 kinatosha. Kikizidi hapo, msikilizaji anasahau hoja mliyokuwa mkiijadili. Kianzie penye jambo lenyewe: mkisifia gitaa la besi, anza pale besi inapoingia, si kwenye utangulizi. Kata kwenye pigo la kwanza la mzunguko wa mdundo, la sivyo sikio linajikwaa. Mtangazaji anapoanza kusema, shusha muziki taratibu, kama sekunde 2, mpaka uwe desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 hivi chini ya sauti yake. Wimbo wenye maneno usiuache uendelee chini ya mazungumzo: sauti zinagombana, haieleweki hata moja. Maikrofoni ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, maana herufi “p” hupuliza. Msanii atajwe kabla na baada. Wapo waliofungulia redio katikati.